Kibeti Aliyebaki Tanurini

Wagonjwa wote wa kliniki ile ya meno walimjua daktari, na hakuna aliyemjua Fundi. Daktari alikaa mbele, penye viti vya kusubiria na feni ya dari, akapokea shukrani. Fundi, mdogo wake wa tumbo moja, alikaa chumba cha nyuma na jiko dogo la kuyeyushia nta, mashine ya kung'arishia na rafu iliyojaa mataya ya plasta. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Baina ya vyumba viwili palikuwa na kijidirisha cha kupitishia vitu, na kila kilichopita hapo kilikuja na neno moja: haraka.

Alikuwa amekuja kusaidia kwa muda. Kaka yake alimwambia hivyo mwenyewe: "Mdogo wangu, nishikie hapa kidogo tu, mpaka nipate mtu." Wakati huo Fundi alikuwa ameshapata nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi, kazi ya kutembea na kofia na buti, leo bondeni kesho mlimani. Akashika kidogo. Mtu hakupatikana, na sidhani kama alitafutwa. Ungemtafutia nini mtu mwingine wakati unaye dada anayetengeneza jino likafanana na la pembeni yake mpaka ulimi wenyewe unadanganyika? Kila alipotaja kuondoka, kaka alimvisha kilemba cha ukoka: hakuna kama wewe, bila wewe nafunga milango. Maneno matamu hayo, na Fundi alikuwa dhaifu kwa maneno matamu. Tusimcheke. Wengi wetu tumefungwa kwa kamba hiyohiyo.

Alichobaki nacho ni alasiri ya Jumapili. Hiyo ilikuwa haiguswi na mtu. Alikwenda nyumbani kwa Mwalimu, bwana mmoja mpole anayesomesha hesabu, na huko sebuleni, pamoja na Nesi na Dereva wa gari la wagonjwa, walicheza mchezo wao. Wasioujua huuliza bao liko wapi, karata ziko wapi. Hakuna bao. Kila mmoja anajichagulia mtu wa kuwa, shujaa au mwizi au mchawi, Mwalimu anasimulia dunia ilivyo, wewe unasema mtu wako anafanya nini, na jambo likiwa gumu kete ndizo zinazoamua. Watu wazima wenye akili zao timamu, wanapigiana kelele kuhusu joka ambalo halipo. Ukipita dirishani utadhani wanagombania urithi.

Kwa muda mrefu Fundi alikuwa mpiga upinde anayelala nje chini ya nyota. Mpiga upinde huyo alikufa vizuri, darajani, akiwazuia maadui ili wenzake wavuke, na Fundi alilia machozi ya kweli akanywa chai ya maziwa vikombe viwili. Hadithi mpya ilipokaribia kuanza, akawa ameshaamua moyoni: safari hii atakuwa mchora ramani, anayetangulia mbele ya wenzake, asiyelala mahali pamoja mara mbili. Alikuwa akimfikiria mtu huyo wiki nzima huku anakwangua nta, na mara mbili alijikuta anacheka peke yake.

Mwalimu ndiye aliyetibua. "Katika dunia hii mpya," alisema, "hakuna duka la vitu vya kichawi. Upanga unaowaka, pete ya kupotea machoni mwa watu, kila kitu lazima kitengenezwe. Na wanaosifika kwa kutengeneza ni vibeti, wale watu wafupi wenye ndevu wanaoishi ndani ya milima. Sasa, wanafaa kweli au ni sifa tu? Mtu atupimie."

Wote wakamgeukia Fundi. Angegeukiwa nani?

Hapa lazima nieleze sharti lao. Zamani Dereva alikuwa na tabia ya kusifia kabila fulani la wahusika mpaka mwenzake alichukue, halafu yeye anachukua jingine lililo bora. Ndipo wakawekeana kanuni: anayepima akasema kabila linafaa, yeye ndiye anayelibeba mpaka hadithi iishe. Akisema halifai, yuko huru kuchagua atakalo. Kanuni ya haki kabisa, na Fundi aliijua. Kwa hiyo alikubali kupima akiwa na hukumu yake mfukoni: vibeti hawafai. Atasema hivyo, kisha atakuwa mchora ramani wake.

Jumapili iliyofuata, akiwa amekisoma kitabu cha kanuni, akaanza vizuri. "Vibeti ni wazito wa miguu," alisema. "Hawapendi maji. Na wana kasoro moja kubwa. Kibeti akianza kufua kitu cha kichawi, haruhusiwi kuondoka tanurini mpaka kitu kipoe. Akitoka mlangoni, uchawi unarudi mwambani, na kitu kinakufa."

"Basi hawafai," alisema Nesi, akainua mabega.

Angenyamaza hapo. Ee, angenyamaza tu! Lakini Nesi alilisema neno lile kwa wepesi mno, kama anayekataa embe bovu sokoni, na Fundi akaona hakutendewa haki fundi mwenzake, hata kama fundi mwenyewe hayuko duniani.

"Ngoja," akasema. "Hafai kwa mtu asiyejua kazi. Mkono wake hautetemeki. Moto haumchoshi. Anaishi miaka mia nne, kwa hiyo alichokosea ujanani ana muda wa kukisahihisha. Na hilo la kutotoka, mbona lina dawa? Akianza kitu cha pili kabla cha kwanza hakijapoa, moto wa kwanza unaulisha wa pili. Nguvu haimwagiki. Cha tatu kinakuwa bora kuliko cha pili, cha nne bora kuliko cha tatu. Anachotakiwa ni kutoacha kamwe tanuri lipoe."

Alikuwa amesimama. Mikono yake ilikuwa inafua hewa. Mwalimu alifungua kitabu cha kanuni, akahesabu, akahesabu tena, akavua miwani.

"Ni kweli," alisema. "Kanuni zinaruhusu. Hakuna aliyewahi kuliona hilo."

Dereva aligonga meza kwa furaha mpaka kete zikaruka. "Fundi, wewe ni hatari! Basi mwaga hukumu. Wanafaa?"

Alijua anachoulizwa. Alimwona mchora ramani wake amesimama njiani, mkoba begani, akimsubiri. Lakini kazi nzuri ameieleza kwa kinywa chake mwenyewe, na kusema haifai ulikuwa uongo wa aina ambayo hakuwahi kujifunza.

"Wanafaa," alisema, na wote wakashangilia.

Ndivyo alivyoingia mkenge, na aliyemwingiza ni yeye mwenyewe. Maana fikiria: dawa aliyoigundua ndiyo iliyofunga mlango. Kibeti wa kawaida hutoka kitu kikipoa. Kibeti wa Fundi hakuwa na saa ya kupoa.

Jumapili zikawa hivi. Nesi na Dereva walivuka jangwa la chumvi, wakaingia mji wa chini ya ziwa, wakaiba taji la mfalme aliyelala. Wakirudi mlimani, wanamwaga vitu mezani na maagizo juu yake. Nesi alitaka upanga utakaokata kivuli. Dereva alitaka viatu visivyo na sauti, halafu akataka vingine, vile vya kwanza vinambana.

"Na kibeti wetu anafanya nini?" Mwalimu aliuliza kila mara, kwa adabu, asimsahau mtu.

"Anafua."

"Rusha kete."

Alirusha. Alifanikiwa karibu kila mara. Wenzake wakampongeza, wakaondoka tena kwenda kwenye upepo na hatari, naye akabaki na kikombe chake akisikiliza sauti zao. Siku moja aligundua kwamba, wakati Nesi akipigana na majitu, yeye alikuwa anakwangua ukingo wa meza kwa ukucha, taratibu, vilevile anavyokwangua fizi za nta. Alichukia. Alichukia meza, alichukia mlima, akawachukia wale wawili kwa jinsi walivyocheka. Jumapili yake ilikuwa imegeuka Jumatatu.

Akamfuata Mwalimu jikoni alipokuwa anasuuza vikombe.

"Mwalimu, nataka kumbadilisha mtu wangu."

Mwalimu alionekana kuumia kweli. "Fundi, nakuelewa. Lakini sharti tuliliweka pamoja. Na tena," akaweka mkono wenye maji juu ya bega lake, "hakuna kama wewe. Bila wewe pale tanurini, hawa wawili wanakufa wiki ijayo."

Hakuwa na ubaya, masikini. Alidhani anampa zawadi. Fundi alisimama na doa la maji begani, maneno yale yale ya kaka yake yakimgonga kichwani, na kwa mara ya kwanza yakakosa utamu.

Walirudi mezani. Upanga wa Nesi ulikuwa umebakiza pigo la mwisho. Alikuwa ameungoja tangu jangwani.

"Kibeti wetu?" aliuliza Mwalimu.

"Anaweka nyundo chini," alisema Fundi.

"Anapumzika?"

"Anatoka."

Nesi alicheka kidogo, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. "Dada, acha utani. Akitoka upanga wangu unakufa."

"Najua. Nimewaeleza mwenyewe."

"Pigo moja tu! Piga moja, halafu utoke."

"Nikipiga hilo, kuna viatu vya Dereva motoni. Nikimaliza viatu, mtakuwa mmeagiza kingine. Hakuna pigo la mwisho, Nesi. Mimi ndiye niliyepanga lisiwepo."

"Lakini unatuua!" alisema Dereva, na uso wake haukuwa wa mchezo. "Sisi wenzako!"

Fundi aliyasikia, na yalimuuma. Machozi yalimlengalenga. Hakuwahi maishani kuacha kazi ya mtu ikiharibika, jino wala upanga, na sasa aliona aibu kama aliyevuliwa nguo mbele za watu. Hata hivyo hakuigusa kete.

Mwalimu alikuwa mtu wa haki, na kanuni haikusema kibeti hawezi kutoka. Ilisema tu atakachopoteza.

"Vema," alisema polepole. "Nyuma yako moto unazima. Upanga umepasuka. Umefika mlangoni, umeusukuma, nao umefunguka. Nje kuna mwanga mwingi. Unakwenda wapi?"

Wote watatu wakamsubiri. Fundi alifungua kinywa. Alitafuta jina la mji, mto, bonde, chochote. Miaka yote ile alikuwa ametamani kutoka, na hakuwahi kufika mbele zaidi ya mlango. Hakukuta kitu.

"Unakwenda wapi, Fundi?" Mwalimu alirudia, kwa upole.

"Sijui," alisema. "Hata sijui huko kuna nini. Ila sirudi ndani."