Fundi Maelezo

Kabla hajaitwa Fundi Maelezo aliitwa fundi tu, na ilitosha. Alikuwa mchonga viti, mtu wa maneno ya kuhesabika. Ukimuuliza kiti chako kitakuwaje, anakwambia, "Njoo ukione kikishakuwa." Ukija unakaa, na unasahau kwamba una mgongo.

Kilichomponza ni sifa. Wageni kutoka jumba la maonyesho walimtaka aeleze kazi yake mbele ya watu. Alikwenda jasho likimtiririka, akijua ataumbuka. Kumbe ulimi wake ulikuwa mali iliyofukiwa. Alieleza jinsi mti unavyokumbuka upepo uliouinamisha, na jinsi kiti kinavyomngoja mtu hata kabla hajachoka. Watu wakasimama wakampigia makofi. Tangu aanze kuchonga, hakuna aliyewahi kukipigia kiti makofi.

Akaitwa tena, na tena: shuleni, redioni, kwenye semina. Karakana ikaanza kuota buibui. Mteja aliyekuja kuulizia meza yake alipewa maelezo, akaondoka anatabasamu mikono mitupu. Alizinduka akiwa amefika kwake.

Mkewe alikuwa dobi. Kuinama juu ya mabeseni kulikuwa kumemmaliza.

"Baba watoto, nichongee kiti chenye egemeo. Huu mgongo si wangu tena."

"Hicho nimeshakiona, mke wangu," fundi akasema, akafumba macho. "Egemeo litapinda kama kiganja. Mikono yake nitaishusha kidogo, viwiko vyako vipumzike..." Aliendelea hadi chai ikapoa. Mkewe alisikiliza, na siku ile kweli mgongo ulimpoa.

Lakini kila alipokiulizia alipewa kingine, kizuri kuliko cha jana.

"Siku hizi unachonga kwa mdomo," alimwambia asubuhi moja, akijishusha taratibu juu ya ndoo iliyopinduliwa chini juu.

"Kazi nzuri haitaki haraka."

"Maradhi je? Nayo yana subira?"

Fundi hakumwambia mtu kwamba alikuwa akijaribu. Alikuwa akiingia karakana, anabana ubao, anashika patasi. Lakini kiti alikwisha kukisema mara nyingi mno. Mkono haukuwa na cha kutafuta. Kila alichochonga kilikuwa pungufu ya kile alichokisema. Basi anaweka patasi chini, anatoka kutafuta wa kumweleza.

Mwishowe mkewe akaanguka kwenye kamba za kuanikia. Daktari alisema uti wa mgongo umeliwa na uvimbe, na uvimbe wenyewe umeenea mwilini. Binti yao alihamia pale kumwuguza mama yake. Ndipo fundi alipofanya kazi, kimya, meno yameumana. Viganja vikamtoka malengelenge kama vya mwanagenzi. Kiti kikatoka kigumu, mguu mmoja mfupi, egemeo limenyooka kama ukuta. Alikiingiza chumbani bila kusema neno, wakamwinua mgonjwa wakamkalisha.

"Kinaumiza," mkewe alisema. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Nirudisheni kitandani."

Hakuinuka tena.

Siku ya mazishi watu walimgeukia. Fundi alitaka kusema kwamba hana la kusema. Mdomo ukafunguka, maneno yakaja. Alimsimulia marehemu, subira yake, mikono yake iliyonuka sabuni. Kisha akajisikia anakisimulia kiti: jinsi kilivyompokea, jinsi alivyoegemea akavuta pumzi ndefu, akapumzika kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Akina mama walilia kwa sauti. Wanaume walitazama chini. Alijua anadanganya, na hakuweza kunyamaza, maana yalikuwa yanatoka yamekamilika, bila mguu mfupi.

Binti yake aliondoka katikati ya maneno.

Alimkuta nyumbani anafunga mizigo.

"Mwanangu, nilitaka tu kumpa mama yako..."

"Baba, mama alisema kinaumiza. Ndilo neno lake la mwisho juu ya kazi yako, na hata hilo umemnyang'anya."

Akabeba begi lake. Fundi alisimama mlangoni, kichwa kimejaa sentensi nzurinzuri, akaogopa kutoa hata moja.

Karakana sasa amepangisha kwa mtengeneza pikipiki. Semina bado wanamwita. Huenda, na watu husimama kumpigia makofi. Binti hajarudi.