Kichupa cha Dawa za Kichwa

Tulikuwa stendi ya Mbulu tukisubiri basi la Katesh. Bibi mmoja, kichwa kinamgonga, akaona kichupa cha dawa za maumivu kwenye begi la baba aliyeketi jirani yake.

"Mwanangu, nigawie mbili."

Huku kwetu dawa ya kichwa hanyimwi mtu. Benchi zima tukamkodolea macho yule baba. Akafungua kizibo, akakifunga, akashusha kofia.

"Nisamehe, mama. Humu kuna dawa za nguvu za kiume, kaniandikia daktari. Boksi lake nimeliacha nyumbani, niliona aibu, nikazihamishia humu."

Bibi akacheka mpaka machozi. "Na huu moyo wangu mbovu, zingeniua! Kalifuate boksi lako!"

Yule baba alitazama sakafu safari nzima. Lakini Katesh, bibi alishuka kwa miguu yake mwenyewe.