Jiwe la Teodora

Malimi wa Pasiansi, kando ya ziwa, alikuwa na mdomo, na hakuuficha. Lakini hata waliouogopa mdomo huo walimfuata porini asubuhi, maana pale alipoinama ndipo palipokuwa na mboga ya mgagani: kwenye mazizi yaliyohamwa, penye mbolea ya zamani. Yeye alichuma ncha tu. Aliyeng'oa mmea mzima alitukanwa yeye na shangazi zake.

Mgagani ni mchungu. Huchemshwa, maji yakamwagwa, ukachemshwa tena. Kisha wanawake waliubeba hadi kwenye majabali ya ufukweni, wakautandaza juani ukauke uwe nsansa, mboga ya kiangazi. Kila mama alikuwa na jiwe lake. Halikuandikwa jina, lakini kukosea jiwe ilikuwa aibu sawa na kukosea kitanda.

Jiwe moja lilikaa tupu. Lilikuwa la Teodora, binti pekee wa Malimi. Hata baada ya kuolewa Magu, Teodora alikuwa akija kila msimu wa mgagani kumsaidia mama yake. Akafia huko Magu, akazikwa hukohuko. Malimi alibaki na jiwe. Kila alipofika ufukweni alilifagia kwa tawi, ndipo akageukia lake, na watu walimwacha afanye hivyo.

Vita vya Hitla vilipomchukua mwanawe Luhaga kwenda jeshi la Keya, Luhaga alimwachia mama yake mkewe, Odeta, mgeni kutoka ng'ambo ya ziwa, Kamanga. Malimi hakumchukia mkwewe. Hakuwa na nafasi ya binti mwingine moyoni, basi. Walikula pamoja bila maneno, na majirani wakawa wanasubiri tu siku Odeta atakapopanda mtumbwi arudi kwao.

Siku moja Odeta alitangulia ufukweni. Kwao walianika kwenye majamvi, mambo ya mawe hakuyajua. Aliona jiwe pana, safi, halina kitu, akatandaza mgagani wake.

"We Odeta!" Paskazia, jirani yao, alipiga kelele. "Hilo lina mwenyewe!"

"Mbona liko tupu?"

"La wifi yako, marehemu."

Odeta aligeuka, akamwona mama mkwe amesimama nyuma yake na kapu. Akaziba mdomo kwa viganja, akakimbilia nyumbani, mboga akaziacha palepale.

Wanawake walisubiri matusi. Hayakuja. Malimi alitandaza mboga zake kwa hasira. Alitaka kuukumba mgagani ule wote uende ziwani. Aliliendea jiwe la binti yake akiwa na nia hiyohiyo, akainama.

Zilikuwa ncha tupu. Zimetandazwa nyembamba, hakuna jani lililolalia jingine. Teodora, Mungu amrehemu, hakuliweza hilo hata siku moja. Alikuwa akirundika, na mama yake akigomba hadi jioni. Malimi alicheka peke yake, na machozi yakamtoka.

Ndipo upepo ukaja kutoka ziwani, na mvua nyuma yake. Kila mtu akakimbilia jiwe lake. Malimi alikuwa na muda wa jiwe moja tu. Alivua kaniki ya mabegani, akaitandika pale alipokuwa ameinama, akaanza kuzoa.

Alimkuta Odeta mlangoni, amefunga mzigo wake.

"Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Kwetu, mayu. Nimekukosea sana."

"Shika mboga zako."

Odeta alifungua kaniki. Mvua haikuyagusa majani. Akamtazama mama mkwe, maji yakimchuruzika mabegani.

"Na za kwako, mayu?"

"Zimelowa. Nitachuma nyingine." Malimi aliuchukua ule mzigo, akauingiza ndani. "Lile jiwe hupata jua la asubuhi, mchana kivuli. Kesho uwahi. Na ulifagie kwanza."