Maji ya Mlimani na Nguruwe wa Mzee

Mzee mmoja, zamani za siasa ya kujitegemea, alikuwa akisimama viwanjani Songea kuwalaani walanguzi mpaka sauti inakauka. Nilipohamishiwa mjini kutoka Singida, kuja kupima maji kwenye maabara ya serikali, soko huria lilikuwa limeshaingia. Naye alikuwa ameshavua kaunda suti, akafunga tai na kununua pikapu. Sasa alitaka kuuza maji.

Asubuhi moja aliingia maabara akaweka chupa mezani kwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Haya ni maji ya mlimani. Nipimie, uniandikie kwamba ni safi."

Nilishika chupa. Ilikuwa ya moto.

"Mzee, haya umeyachemsha."

"Kwani kuchemsha ni kosa?"

"Si kosa. Ila utakayouza utayachemsha?"

Akacheka, kama mtu mzima anavyocheka mtoto akiuliza jambo la kijinga. "Kuni zote hizo nitazitoa wapi?"

Nikamwambia nitakwenda kuyachota mwenyewe, hukohuko yanakotoka. Alikubali upesi, na ninaamini alikubali kwa moyo safi. Kwake yeye maji yakionekana kama kioo yamekwisha kupimwa.

Tukapanda na pikapu yake upande wa Matogoro, mpaka kwenye kijito kinachoteremka kwenda kuingia Ruvuma. Mahali penyewe palipendeza. Maji yalipita juu ya mawe yakimetameta, na mzee alikuwa ameingiza bomba jeusi kwenye kidimbwi, akalizungushia maua. Nikafungua chupa zangu zilizosafishwa kwa mvuke, nikachota, nikazifungia kwenye sanduku la barafu. Wakati nainuka nikasikia mkoromo.

"Mzee, huko juu kuna nini?"

"Ah, nguruwe wangu," akasema kwa fahari. "Twende ukawaone."

Banda lilikuwa kubwa na limejengwa vizuri, sakafu ya saruji imelazwa kwa mteremko. Kijana wa kuwalisha alikuwa anamwaga maji, na uchafu wote ulikuwa unashuka kwa heshima zake kuelekea kijitoni.

"Sakafu haituamishi maji hata kidogo," mzee akaniambia.

Nilirudi maabara nikachuja yale maji kwenye karatasi zetu nyembamba, nikaziweka kwenye visahani vyenye chakula cha bakteria, nikavifungia ndani ya kabati la joto. Kabati hilo tulipewa na wafadhili, lilitumia betri, na ni bahati yetu, maana umeme wa mji ulikuwa ukija unapojisikia. Bakteria wa kinyesi wakiwamo, hujitokeza kesho yake kama vidoa vya njano. Kesho yake havikuwa vidoa. Kisahani kizima kilikuwa njano kama uji wa sembe uliotiwa manjano.

Mzee alikiangalia kwa makini. "Rangi nzuri. Ndiyo madini yenyewe?"

"Ni kinyesi, mzee. Nguruwe wanakunya ndani ya maji yako."

Akageuka kumtazama mkuu wangu wa kazi, aliyekuwa amesimama mlangoni. Mkuu alikohoa, akasema maneno ambayo sijayasahau: "Siku hizi ni ruksa. Tusiwakatishe tamaa wawekezaji wazalendo. Soko litaamua lenyewe."

Uzinduzi wa maji ya mzee ukafanyika. Turubai likatandazwa, kwaya ikaimba, waheshimiwa wakaketi mbele wakinywa soda. Wanaume wa jirani waliyatazama maji ya chupa kwa huruma, wakanong'onezana pombe ya komoni itakuja saa ngapi. Kisha mzee akachukua kipaza sauti, akatangaza kwamba mtaalamu wa serikali yupo hapa na atakunywa glasi ya kwanza. Watu wakapiga makofi. Nikasimama.

"Nashukuru sana. Lakini kwa heshima, mwenye maji atangulie."

Makofi yakazidi. Mzee akanikodolea macho, akainua glasi, akainywa yote, akaipindua kuonyesha hakubakiza tone. Kwa ujasiri nampa sifa zake.

Wiki iliyofuata hakuonekana mjini. Mkewe, mama mmoja mpole wa Maposeni, alikuja nyumbani kwangu.

"Mume wangu tumbo linamwendesha mpaka anashindwa kusimama. Mwenyewe anasema ni malaria. Ulimwambia habari ya maji?"

"Nilimwambia, mama. Ni nguruwe."

Alinishukuru, akaniaga. Nikadhani yameishia hapo. Kumbe mama alikwenda moja kwa moja bandani, akawauza nguruwe wote kwa mchinjaji, akabomoa banda kwa msaada wa ndugu zake na kulipandisha bomba juu kabisa, kwenye miamba. Mzee alipopata nguvu za kutoka nje alikuta uwanja mweupe. Wanasema alikaa chini palepale.

Nilipima tena, na tena baada ya mvua. Visahani vilitoka vitupu. Sasa maji ya mzee yalikuwa safi kweli, na hakukuwa na mtu wa kuyanunua, kwa sababu madukani yalikuwa yameshafika maji kutoka Dar, yenye nembo ya mlima wenye theluji.

Akaja tena maabara na chupa ya hayo ya Dar.

"Binti, pima haya. Lazima yana kinyesi."

Nilipima. Yalikuwa safi. Nilipomwonyesha kisahani alikinusa, akakirudisha mezani taratibu, akanitangazia mbele ya mkuu wangu kwamba watu wa Dar wamenihonga.

Mkuu akakohoa, akaahidi kulifuatilia jambo hilo.