Bangili Iliyoisuta Mizani

Saa moja asubuhi, mtu wa kwanza kupanda mizani katika wodi ya kusafisha damu mjini Barishal ni mpima uzito mwenyewe, Morjina Khatun. Anataka kujua kama imeamka sawa. Kisha anafungua mlango.

“Haya, nani leo kanywa mto mzima?”

“Si mimi, dada. Nimekula tikiti tu,” anajitetea mzee mmoja.

“Tikiti ni mto wenye ganda. Panda!”

Morjina, 48, ana miaka kumi na moja katika kazi hii. Figo zikishindwa, maji hubaki mwilini, hivyo mgonjwa hupimwa kabla na baada ya mashine. Mizani ikishasema, hakuna anayebisha.

Ndiyo maana yaliyotokea msimu wa baridi uliopita bado yanamshangaza.

Bibharani Sheel, 39, mke wa Nitai kinyozi, alikuwa akikohoa. Kila mtu, daktari akiwemo, alisema ni maji mapafuni. Makohozi yalipimwa, yakaonekana safi. Uzito wake baada ya mashine ulikuwa kilo arobaini na saba, wiki nenda wiki rudi.

Lakini Morjina aliona uzi mwekundu. Bibharani alikuwa ameuzungushia bangili yake nyeupe ya kombe la bahari, ile ya harusi, isiyovuliwa mume akiwa hai.

“Uzi wa nini, mdogo wangu?”

“Inateleza, dada. Juzi nimekohoa, kidogo idondoke. Ikidondoka, mume wangu anakufa!”

“Nitai? Nimemwacha getini na sambusa ya tatu. Yule hafi leo.”

Wodi ikacheka. Morjina naye alicheka, mpaka alipoushika ule mkono. Ulikuwa mifupa na ngozi. Mama wa watu alikuwa akimwombea mumewe, kumbe anayekwisha ni yeye. Nyama zilikuwa zikienda, maji yakishika nafasi yake, na mizani haijui kutofautisha.

Alikwenda moja kwa moja kwa daktari.

“Sasa tunapima wagonjwa kwa bangili?” daktari alimuuliza.

“Kwa leo, ndiyo, bwana daktari.”

Maji yaliyozunguka pafu yalivutwa, maabara ikakuta kifua kikuu. “Figo zikifa, kinga nayo hulegea,” anaeleza daktari huyo, sasa kwa upole. “Kifua kikuu huwapata hawa kwa urahisi, na wengine hata hawakohoi.” Wodi nzima ilipimwa. Morjina naye alipimwa, akaambiwa yu salama.

Bibharani yuko mwezi wa nne wa dawa. Siku za mashine huzimeza akishamaliza, la sivyo mashine itazichuja. Maji yale yalipotolewa yote, alibaki na kilo arobaini na moja.

Morjina amemwandikia mkuu wa wodi barua, akiomba kila mgonjwa mpya apimwe kifua kikuu, akohoe asikohoe. Majibu bado. Anasema ataandika nyingine.

“Humu ndani ukimwambia mtu amenenepa, umemtisha,” anasema. “Jana Bibharani amefika kilo arobaini na tatu. Daktari kambonyeza miguu, kamsikiliza kifua, hakuna maji. Nikamwambia, ‘Umenenepa.’ Akaanza kulia! Nikamwambia, ‘Nyamaza, mdogo wangu. Hii ni nyama yako.’”