Darubini Juu ya Bunduki ya Baba

"Chama cha Walenga Shabaha cha Hinterau kinawatangazia wanachama wote kwamba skrubu mbili ndogo za chuma zimeokotwa sakafuni, njia ya tano. Mwenye nazo afike mbele ya kamati aeleze zilikotoka. Balz Zweifel, Mwenyekiti."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi, kwenye kioo cha duka la jibini na, kwa sababu ambazo sijaelezwa hadi leo, kwenye mlango wa kanisa.

Njia ya tano, ninapolala kulenga shabaha, ni yangu. Mwenyekiti ni kaka yangu.

Ninawaandikia nyinyi ambao hamjawahi kushtakiwa na ndugu yenu kwa ajili ya skrubu.

Baba yetu, Kaspar, alifariki mwezi Februari. Aliniachia bunduki yake ya shabaha, iliyoundwa mwaka 1893, ambayo kijijini kwetu huheshimiwa kuliko mchungaji. Wosia ulikuwa na sharti moja: iwe ya Regula, yaani mimi, maadamu haijaharibiwa kwa keekee ya kutobolea, moto wala gundi. Ikishaharibiwa, iwe ya Balz.

Nina miaka sitini na moja. Shabaha iliyo mita mia tatu naiona barabara. Kinachonishinda ni ile ncha iliyo mwisho wa mtutu: imegeuka ukungu.

Kanuni za chama zinamruhusu aliyevuka sitini kutumia darubini. Kanuni hazisemi ataifungaje kwenye chuma ambacho haruhusiwi kukitoboa.

Balz aliliona hilo kabla yangu.

"Funga darubini, Bi Maktaba," aliniambia mbele ya watu. Niliongoza maktaba ya wilaya kwa miaka thelathini, na kwake hilo ni tusi. "Funga tu. Keekee ikilia kwako, mimi nitaisikia hadi zizini."

"Utaisikia vipi, na wewe hunyamazi?"

Watu walicheka. Balz hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Niliipeleka bunduki kwa Mzee Melk, fundi bunduki pekee aliyebaki bondeni. Nilimpa wosia. Aliusoma mara mbili, akanirudishia kana kwamba nimempa samaki aliyeoza.

"Mwanangu, hapa hatutoboi kitu," alisema. "Kilengeo cha nyuma kimeshikwa na skrubu mbili za kiwandani. Tunakitoa, tunakihifadhi, halafu tunatengeneza mkono wa chuma unaoingia kwenye matundu yaleyale. Darubini inakaa juu ya mkono. Siku ukichoka, unarudisha kilengeo, na hakuna atakayejua."

Alianza kwa kunoa bisibisi. Alinoa, akapima kwenye mfuo wa skrubu, akanoa tena, hadi ikajaa humo bila kucheza hata unywele. Kisha akadondosha mafuta, akaenda kunywa kahawa. Ya siku mbili.

"Ukiilazimisha, inakatika kichwa," alisema aliporudi. "Halafu kaka yako anafanya sherehe."

Siku ya tatu skrubu zilitoka nzima. Mzee Melk alinyanyua kilengeo.

Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Uliwahi kuifungua hii?"

"Sijawahi hata kuipangusa bila ruhusa."

"Basi kuna mwenzio aliyeifungua."

Kando ya matundu mawili ya kiwandani kulikuwa na mengine mawili. Yalikuwa yamezibwa kwa shaba, yakasawazishwa kwa tupa, yakapakwa rangi nyeusi. Rangi ilikuwa imebanduka na shaba imeota ukijani. Kazi ya miaka mingi, na si ya fundi.

"Tumwambie nani?" nikauliza.

"Mimi nimefunga mdomo. Wewe fanya unavyoona."

Nilimwomba aendelee. Alitengeneza mkono, akaukaza kwa vidole viwili tu, akaweka vipande vya ngozi ya glovu ndani ya pete zinazoishika darubini ili isikwaruzwe. Jumamosi nilifyatua risasi kumi. Tisa ziliingia katikati. Nilipokuwa nainuka, skrubu mbili za akiba alizonipa Mzee Melk zilidondoka kutoka mfukoni mwa aproni yangu.

Hizo ndizo zilizotangazwa kanisani.

Kamati ilikutana katika mgahawa wa kijiji, baada ya soseji za ndama na kabla ya bia ya pili. Bunduki ililazwa juu ya meza, darubini ikiwa mahali pake. Balz alisimama, akaweka skrubu mbili kwenye sahani.

"Hizi ni za nini?"

"Za akiba. Za mkono wa darubini," nikajibu.

"Mwongo! Umeitoboa bunduki ya baba. Chini ya huo mkono kuna vitobo viwili, umeviziba kwa shaba na kupaka rangi nyeusi. Unadhani sisi ni wajinga?"

Mzee Melk aliweka uma chini taratibu.

"Balz," alisema, "huo mkono haujafunguliwa mbele ya mtu yeyote. Shaba umeionea wapi?"

Nimesoma vitabu vingi vinavyoeleza jinsi uso wa mwanadamu unavyobadilika rangi. Vyote vilitia chumvi kidogo.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne," Balz alisema hatimaye. "Nilishika mtutu, baba akatoboa. Alitaka kujaribu darubini msituni. Haikumfaa, akaziba. Akaniapisha nisiseme."

"Kwa hiyo ulijua tangu wosia uliposomwa," nikasema. "Ulinisubiri nifungue."

"Imetobolewa au haijatobolewa? Sharti limevunjika. Ilete hapa!"

"Lilivunjika kabla halijaandikwa, kaka. Na aliyeshika mtutu ni wewe."

"Mwizi wewe!"

"Na wewe ni fundi msaidizi."

Mtu alimwaga bia. Nadhani ilikuwa kwa makusudi.

Funzo, kwa anayelihitaji: ukirithi kitu cha kale, kifungue mbele ya mashahidi kabla hujakubali sharti lolote. Mahali ambapo mzazi aliwakataza watoto wasiguse, yeye mwenyewe amegusa sana.

Kamati ilijitenga jikoni kwa saa nzima. Katibu alirudi na karatasi, akasoma akiwa amesimama:

"Kwa kura nne dhidi ya tatu, imeamuliwa kwamba bunduki itunzwe kabatini mwa chama, katika hali yake ya asili. Maana ya hali ya asili itachunguzwa na kamati ndogo, ambayo wajumbe wake watateuliwa baadaye. Kabati litafungwa kwa kufuli mbili. Ufunguo wa kwanza utashikwa na Balz Zweifel, wa pili na Regula Zweifel. Kabati litafunguliwa pale tu wote wawili watakapofika pamoja na kukubaliana."