Maksai Niliyemuuza kwa Sola

Nakumbuka asubuhi niliyomtoa zizini maksai wangu mwekundu, hapa hapa Kasansa, nikamswaga mpaka mnadani nikamuuze ninunue sola. Mwanangu, miaka mingi imepita, lakini bado najikasirikia. Na juzi uliponiambia unataka kuuza ng'ombe wa kulimia upate paneli kubwa kama za jirani yako, hasira ile ikarudi yote. Kaa hapa unisikilize.

Nilikuwa kijana, nimemuoa mama yako karibuni, naye ana mimba ya kaka yako. Mtu wa mji wa pili alikuwa ameweka paneli juu ya bati, na watu wakawa wanajaa kwake kutazama mpira. Basi mimi nikaona mji wangu si mji. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Maksai nilikuwa nao wawili tu, niliowafundisha nira kwa mikono yangu, na mvua zilikuwa zinanukia. Sikumuuliza mtu.

Pale Mpanda mjini mwenye duka alinipokea kama bwana harusi. "Hii, bosi, inabeba kila kitu," akasema, "tivii, redio, taa, utasahau giza." Hakuniuliza nataka kuwasha nini, wala kwa saa ngapi. Nami kwa ujinga wangu sikumuuliza betri ina uwezo gani. Wauzaji wa namna hii siwapendi, nasema wazi, na bado wapo, siku hizi wanakuja na vipaza sauti. Mtu anakuuzia kitu cha kumeza msimu wako mzima, halafu hakuulizi hata swali moja! Hata muuza viatu huuliza namba ya mguu.

Fundi alipokuja kufunga sola na tivii niliyoinunua pamoja nayo, nilimwelekeza taa moja sebuleni, moja chumbani, ya tatu nje mlangoni, ili wapita njia waione. Mama yako akauliza, "Na jikoni?"

Nikamjibu, "Jikoni si kuna moto?"

Maneno hayo yalitoka kinywani humu, mwanangu. Mwanamke mjamzito anapika kwa kibatari, moshi wa mafuta ya taa machoni, nami nawawashia wapita njia! Aibu gani hii?

Mvua ikanyesha. Wenzangu wakatoka na plau, mimi nina maksai mmoja anayelia zizini. Mayu, yaani bibi yako aliyenizaa, akaja akasimama pale, mkono kiunoni. "Huyu aliyebaki utamfunga nira na nani?" akauliza. "Na tivii?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Umeuza mmoja, umewapoteza wote wawili. Maksai hawauzwi nusu, we mtoto. Haya, shika jembe la mkono. Na nisikuone kwa watu ukiomba ng'ombe, nao wanakimbizana na mvua."

Nililima kipande cha mpunga ambacho leo hata kuku wangekidharau. Mama yako alijifungua ghala likiwa tupu, tukala mahindi ya kuomba kwa wajomba zako, nami nikaweka macho chini kila walipotujazia gunia. Na betri? Ilikufa hata kabla ya mavuno, maana kila siku niliimaliza kwa mpira.

Sikuambii sola ni mbaya. Wapo wanaosema ni utapeli mtupu, na hao nao wananiudhi. Mwaka uliofuata mama yako aliuza karanga zake, akaenda mwenyewe, akanunua kipaneli kidogo cha taa mbili. Moja akaitundika jikoni, ya pili pale alipomlaza kaka yako. Alijua anachokitaka kabla hajatoka nyumbani. Jioni ile aliponitengea ugali kule jikoni, nikamwona vizuri chini ya taa yake, macho yamewiva kwa moshi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama sola inalipa, nakujibu: inalipa kwa anayejua inamwashia nani. Muulize mkeo kwanza, yeye ndiye anayejua nyumba ina giza wapi. Mkubaliane mnawasha nini, ndipo mtafute betri na paneli za kuendana na kazi hiyo. Pesa ikiwa ndogo, anza na taa mbili, nyingine zitafuata. Muuzaji asiyekuuliza swali, muache na duka lake. Wala usiuze kinachokulisha ili upate cha kuwaonyesha watu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na hao ng'ombe wabaki zizini, kabla sijatafuta fimbo, maana kwangu wewe bado ni mtoto.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie mvua kwa wakati wake, maksai wako wazeeke wakiwa wawili, na mkeo apike akiona anachokipika.